Wawindaji wa bata mzinga huku Marekani: mnafukuza inchi na orodha, au mnawinda kwa raha?

Mtu wa Ozarks (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka milima ya Ozarks, Missouri.

Kila ikifika Aprili simu yangu hujaa picha za aina moja. Jamaa kapiga goti nyuma ya bata mzinga, mkia wa ndege umetandazwa, na chini yake maandishi mafupi: ndevu inchi 11, kipi inchi moja na robo (kipi ni ule mwiba wa mguuni kama wa jogoo, na ndevu ni yale manyoya magumu kama nywele yanayoning'inia kifuani). Basi. Ndege alikujaje, alizungukia upande gani, alisimama wapi akagoma, hayo huambiwi. Na ukikutana na mtu pale tunapoegesha magari, swali la kwanza siku hizi ni "inchi ngapi?"

Kwa mlioko nyumbani ambao bata mzinga mnamjua wa kufugwa tu, huku yupo wa porini. Mweusi mwenye mng'ao wa shaba, anaruka, usiku analala juu ya mti, na jicho lake ni balaa. Pua hana, lakini ukikuna shavu tu akiwa hatua hamsini, umempoteza. Msimu wa machipuo tunawinda madume, maana ndio wakati wanatafuta majike. Unaingia msituni kungali giza, unaiga sauti ya bundi, na dume akiwa bado mtini anashindwa kujizuia, anajibu: gologologolo! Hapo umeshajua alipo. Unakaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, unaanza kumwita kwa sauti ya jike, iwe kwa kisanduku cha mbao, kwa kigae cha kukwaruza au kwa kile kipande cha mpira cha kuweka mdomoni.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Kwa desturi yao jike ndiye anayemfuata dume. Dume anaita, anavimba, anatandaza mkia, majike yanakuja. Wewe unamwomba afanye kinyume cha mila zake. Ndiyo maana anafika hatua sitini anasimama, anajitanua, anakusubiri UENDE. Huendi. Naye haji. Mnaweza kukaa hivyo saa nzima, huku unausikia ule mvumo wake wa chini ambao ni kama unapita kifuani kwako kabla ya kufika masikioni. Halafu linatokea jike la kweli upande wa kushoto, linamchukua, wanaondoka. Nawaambieni, asubuhi za namna hiyo nazikumbuka kuliko zile nilizorudi na nyama.

Turudi kwenye inchi. Shirika la National Wild Turkey Federation, lililoanzishwa 1973 na lenye makao Edgefield, South Carolina, lina daftari la rekodi. Hesabu yake: uzito kwa pauni, jumlisha urefu wa ndevu mara 2, jumlisha urefu wa vipi vyote viwili mara 10. Kwa hiyo ndege wa pauni 21, ndevu inchi 10, vipi inchi 1 na moja ya nane kila mguu, anapata 21 + 20 + 22.5 = 63.5. Angalia miiba ilivyobeba alama nyingi kuliko mwili mzima!

Halafu kuna orodha. Bata mzinga wa Marekani wana aina ndogo ndogo: Eastern wa huku kwetu mashariki na katikati, Osceola wa rasi ya Florida peke yake, Rio Grande wa Texas, Oklahoma na Kansas, na Merriam's wa milima ya magharibi. Ukiwapata wote wanne ni Grand Slam. Ukiongeza Gould's wa mpakani Arizona, New Mexico na kaskazini mwa Meksiko ni Royal Slam. Ukimalizia na yule wa Yucatan mwenye mkia wa madoa kama macho ya tausi, World Slam. Na wapo wanaotaka ndege mmoja kutoka kila jimbo lenye bata mzinga, yaani majimbo 49, maana Alaska hawapo.

Maoni yangu: mtu akipima ndege wake sina neno. Kinachoniudhi ni pale namba inapoanza kumchagulia mtu njia ya kuwinda. Kuna kampuni moja ya kuwindisha niliwahi kulipia, jina siweki. Tulikalishwa kwenye kibanda cha turubai ukingoni mwa shamba, tukaambiwa tusiite hata kidogo, "watapita tu saa mbili kasoro". Wakapita. Mwenzangu alimpiga wake, ndevu inchi 10 na nusu, kila mtu akampongeza. Mimi nilijiona kama abiria niliyesubiri basi kituoni.

Nawasilisha. Nyinyi mko upande gani?

---

Kinyozi wa Dallas

Mkuu heshima yako, ila leo tutakwaruzana.

Mimi ni mtu wa orodha na sioni haya. Nina Grand Slam na sasa naitafuta Gould's. Unajua orodha imenifanyia nini? Imenitoa Texas. Bila hiyo ningebaki kuwinda Rio Grande kwenye shamba la rafiki yangu mpaka nizeeke. Kwa sababu ya Merriam's nimekaa Black Hills, South Dakota, theluji inaanguka ndani ya Aprili, na lile dume likatokea kwenye misonobari na ncha za mkia nyeupe pe. Rangi ile huioni kwa Eastern wako. Kwa sababu ya Osceola nimejua matope ya Florida, minazi-pori yenye meno ya msumeno, mbu wa kukufanya uikumbuke Kilombero, na kila ukikanyaga unawaza nyoka.

Hiyo si raha? Nani kasema raha ni kukaa chini ya mti mmoja wa Missouri?

Tena tuzungumzie hela. Ninapovuka mpaka wa jimbo nanunua leseni ya mgeni, ambayo ni ghali kuliko ya mwenyeji. Na tangu sheria ya 1937 ya Pittman-Robertson, kila bunduki ndefu na kila risasi ina kodi ya asilimia 11 inayokwenda kwenye wanyamapori. Sisi watu wa orodha tunawalipia wengi.

---

Sungusungu wa Mtandao

Yaani mtu anapanda ndege kumfuata ndege. Kwa hela ya Osceola mmoja ukiwa Tabora unanunua ng'ombe. Endeleeni tu, nimekaa paleee na karanga zangu.

---

Kinyozi wa Dallas

Sungusungu, kweli wale wa Florida ni maelfu ya dola ukienda na kampuni. Wapo kwenye rasi tu, na ardhi kubwa ni ya watu binafsi. Lakini mbona Mmarekani akija kulipa kuwinda mbogo siku 21 Tanzania humshangai?

---

Binti Mvita

Hamjambo nyote. Mie niko Columbus, Ohio, mume wangu ndiye mwindaji, nami nimeanza kumfuata msituni.

Nyinyi mwazungumza vipi na ndevu, hakuna hata mmoja aliyetaja chungu. Haya nawaambia mie: yule dume mzee wa inchi 11 mnayempigia makofi, mapaja yake ni kamba! Kifua chake chafaa, ukikikata vipande vyembamba ukavitia siki, tangawizi na kitunguu saumu usiku kucha. Mapaja huyaendi kwa kukaanga. Yataka moto mdogo, saa tatu nne, ndipo upate supu ya maana. Lakini kijana wa mwaka mmoja, yule mwenye kindevu cha inchi nne, nyama yake laini, pilau yake huachi. Sasa mume wangu alimpiga kijana mwaka jana, akaambiwa na wenzake "umeua mtoto". Kwani sheria ya Ohio imemkataza?

Na swali kwa Waislamu mlio humu: mwafanyaje kuchinja? Sisi yeye hupiga bismillahi wakati wa kufyatua, kisha humkimbilia akamchinja angali yuhai. Akimkuta keshakufa, hapo nyumbani kwetu huwa pana mjadala.

---

Mtu wa Ozarks

Dada Binti Mvita, umeleta jambo lililokuwa limesahaulika kabisa. Kijana ni halali kisheria majimbo mengi, mumeo hana kosa. Majimbo machache kama Mississippi na Arkansas ndiko watu wazima hawaruhusiwi kupiga vijana. Kwingine ni kudharauliana tu. Utamtambua kijana akitandaza mkia: manyoya ya katikati yamezidi ya pembeni, feni haijalingana.

Na hapo ndipo ninapoona hii tabia ya inchi inavyoharibu watu. Mtu kaamka saa tisa usiku kabla ya kwenda kazini, kaita mwenyewe, kaja kijana, kapiga, kaenda kulisha wanawe. Halafu anaona aibu kuweka picha!

La kuchinja nawaachia masheikh, kwenye marisau (zile punje ndogo za risasi) kuna hitilafu za wanazuoni.

---

Bwana Nyama Mstaafu

Habari zenu vijana. Mimi nilisoma Mweka, nikafanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, sasa nalea wajukuu huku Tennessee. Kuwinda sijawinda huku, lakini natembea nao msituni na nasoma.

Kuna kitu mnakichanganya. Nyumbani tulipozungumza nyara, urefu wa pembe au umri wa mnyama ulikuwa na maana ya usimamizi. Mathalani Tanzania iliweka kwamba simba anayewindwa awe ametimiza miaka sita, ili dume apate kwanza kulea watoto wake wakue. Inchi ilikuwa njia ya kuulizia umri.

Kwa bata mzinga hiyo hoja ni dhaifu. Ndevu zinaburuzwa chini ndege anapokula, zinakatika ncha, kwa hiyo baada ya miaka miwili mitatu urefu wake haukuambii mengi. Miiba inaeleza zaidi kidogo, lakini Merriam's wanaotembea juu ya mawe miiba yao kwa kawaida ni mifupi hata wakizeeka. Basi ukichagua ndege kwa utepe wa kupimia hujui vizuri umechagua nini.

Jambo la pili ni zito zaidi. Madume wa bata mzinga wana ngazi zao, mkubwa anajulikana, naye ndiye anayepanda majike mengi. Huyo ndiye anayeita kwa kujiamini na kujitanua wazi, na ndiye anayetamaniwa na kila mwindaji siku ya kwanza ya msimu. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Georgia, wamekuwa wakihoji kama kuua wakubwa mapema mno, kabla majike hayajapandwa vya kutosha, kunachangia vifaranga kupungua. Haijawa hukumu ya mwisho. Makazi, mvua na wanyama wala mayai vimo pia. Lakini majimbo yameanza kujihami. Tennessee hapa tumeshuka kutoka ndege wanne kwa msimu hadi wawili. Alabama walipunguza watano wakawa wanne, na siku za mwanzo wa msimu wakazuia bata bandia (zile sanamu za kuwavutia madume).

Mjue pia tulikotoka. Miaka ya 1930 walikuwa wamebaki kama 200,000 nchi nzima. Walijaribu kuwafuga na kuwaachia porini, wakafa. Kilichookoa ni kuwakamata wa porini kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo, kazi iliyoshika kasi miaka ya 1950 kule South Carolina, na kuwahamishia misitu iliyokuwa mitupu. Wakafika karibu milioni 7 mwanzoni mwa karne hii. Sasa wanakadiriwa kama milioni 6. Kwa hiyo Kinyozi, kodi yako ni kweli imefanya kazi, sikunyang'anyi sifa hiyo.

---

Kinyozi wa Dallas

Shikamoo mzee wangu. Darasa zuri, hasa hilo la ndevu kukatika.

Lakini ngoja nimrudie Mtu wa Ozarks, maana ana kitu hajakisema. Nyinyi watu wa "raha" nao mna nyara zenu, ila hazionekani kwenye utepe. Mmoja anajisifu hajawahi kutumia bata bandia. Mwingine anaita kwa mfupa wa bawa tu, aliouchonga mwenyewe. Wa tatu anakwambia "mimi nilimwacha aende", na anakusimulia mpaka chai inapoa. Hiyo si sifa? Hiyo si rekodi? Mimi angalau yangu inapimika, ukitaka unakuja na utepe wako tunahakiki. Ya kwenu tunaamini mdomo.

---

Mtu wa Ozarks

Hahaha! Mkuu hapo umepiga penyewe, na wapo humu, wanajijua. Majivuno hayana upande.

Ila hujajibu hoja yangu. Sikusema mtu asijisifu. Nimesema namba isikuchagulie njia. Nitatoa mifano miwili, ya wazi.

Mmoja: ule mtindo wa kushika mkia wa bata mzinga mbele ya uso na kumtambalia dume shambani. Dume mkubwa anaona mpinzani, anakuja mbio apigane. Unafanya kazi kweli kweli, na ndiyo maana watu wa haraka wanaupenda, mtu ana siku mbili tu Kansas na orodha inamsubiri. Lakini fikiria: umejificha nyuma ya mkia, unatambaa kwenye nyasi, nchi ambayo kila mtu ana bunduki na yuko porini kutafuta MKIA HUOHUO. Baadhi ya majimbo yameuzuia, hasa kwenye ardhi ya umma, na mimi naona wamechelewa. Tumefundishwa siku ya kwanza kutovaa nyekundu, nyeupe wala bluu, hata soksi, kwa sababu ndizo rangi za kichwa cha dume. Halafu mtu huyo huyo anajivisha ndege mzima?

Wa pili: marisau ya tungsteni. Ni mazito kuliko risasi ya kawaida, punje ndogo ya namba 9 inapenya vizuri, hata bunduki ndogo ya .410 sasa inaua bata mzinga. Kizuri hicho, mtoto na mtu mwembamba wanawinda bila kuumia bega. Lakini matokeo yake watu wameacha kumwita ndege afike hatua arobaini. Wanafyatua sabini, themanini. Ukimuuliza kwa nini hukumsubiri, "niliona ndevu, nikaogopa ataondoka". Wengine wanaondoka wamejeruhiwa, na yule hahesabiwi kwenye leseni ya mtu.

Hivyo ndivyo ninavyopima mimi: ungekuwa huna orodha wala wa kumwonyesha picha, ungefyatua hapo?

---

Kinyozi wa Dallas

Themanini sijawahi na sitafanya, tuelewane. Kutambaa na mkia nimefanya Nebraska, shamba la mtu binafsi, tambarare, unaona kilomita nzima na tuliomo tunajuana. Msitu wa umma siwezi, hapo niko na wewe.

Jibu la swali lako: Osceola wangu nilimfyatulia saa ya mwisho ya siku ya mwisho niliyolipia. Hatua thelathini na tano, mwongozaji ndiye aliyeita, mimi nilikuwa nashika bunduki tu. Bila orodha? Ningefyatua. Lakini kwa haki, yule ndege wa Black Hills niliyemwita mwenyewe ana miiba mifupi, haingii daftari la mtu yeyote, na ndiye niliyemtundika sebuleni. Mkia wa Osceola uko gereji.

---

Bwana Nyama Mstaafu

Kijana, hapo umejieleza vizuri kuliko tulivyokueleza sisi.

---

Sungusungu wa Mtandao

Karanga zimeisha. Kumbe uzi una madini.

---

Mtoto wa Bukavu

Salamu bandugu. Niko Louisville, Kentucky, nimefika na familia kitambo, na kazini wazungu banasema sana juu ya hii kuwinda bata mzinga. Mimi kwetu baba alikuwa natega kwale na kanga. Nataka kuanza lakini naona vitu vya duka ni vingi na bei ni kubwa. Natakiwa kuanza namna gani? Na hiyo Grand Slam ni lazima?

---

Mtu wa Ozarks

Karibu sana ndugu yangu. Grand Slam si lazima, usimsikilize Kinyozi.

Kwanza mafunzo ya usalama wa uwindaji. Kentucky wanayadai kwa aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975, na cheti chake kinatambuliwa majimbo mengine. Kabla hujagusa bunduki hakikisha karatasi zako za uhamiaji zinakuruhusu kuimiliki, hilo uliza mwanasheria au ofisi husika, usiulize jukwaani. Kisha leseni, na kibali cha bata mzinga juu yake. Msimu wa machipuo wenu ni ndege wawili, dume au yeyote mwenye ndevu zinazoonekana (majike wachache nao huota ndevu, usishangae). Ukipata, unaripoti kwa simu au mtandaoni siku hiyo hiyo kabla ya saa sita usiku. Ukivuka kuja kwangu Missouri sheria zinabadilika: ardhi ya umma mwisho saa saba mchana, na juma la kwanza ndege mmoja tu.

Vitu vya duka: nguo za mabaka za mtumba, kitambaa cha uso, glavu, mto wa kukalia, na kisanduku kimoja cha kuitia. Hicho cha mbao ndicho rahisi kwa anayeanza, kile cha mdomoni kitakutapisha wiki nzima. Bunduki ya marisau yoyote uliyoazima kwa mtu mwaminifu inatosha, ila ijaribu kwenye karatasi ujue marisau yanatawanyika vipi hatua ishirini, thelathini, arobaini. Bata bandia unaweza kuwaacha mwaka wa kwanza.

Na kama baba yako alitega kwale, somo gumu umeshalifuzu, maana unajua kukaa kimya.

---

Kinyozi wa Dallas

Mtoto wa Bukavu, amesahau kukwambia moja: nenda jioni ya kabla yake. Jua likizama wanaruka kupanda mti, mbawa zao utazisikia kwa mbali. Ukijua wamelala wapi, asubuhi kaa nao kwa umbali wa hatua mia hivi, usisogee zaidi, watakuona wakiwa juu na siku imeisha.

Halafu ukimpata, mpime. Usimwambie Mtu wa Ozarks.

---

Binti Mvita

Na ukimpata, maini na firigisi usitupe kama watupavyo wenyewe hapa. Na hayo marisau yatafute kwa kidole kifuani kabla hujapika, mkwe wangu kavunja jino.